Jirani Atakapoitwa Bencivenga

Katika jengo letu la Khuwair, huku Oman, walikaa majirani wengi, lakini Jirani alikuwa mmoja tu. Mama akisema, "Mpelekee Jirani sahani hii," hakuna aliyeuliza jirani yupi. Wamisri wa mkabala walikuwa Wamisri, Mhindi wa juu alikuwa Mhindi, na yule bibi wa chini, mwenye mlango wa kijani usiofungwa mpaka jua lizame, ndiye Jirani. Jina lake la kwanza nnalijua tangu utoto. Silitaji hapa, na sidhani kama angependa nilitaje.

Kitu cha kwanza alichokuwa nacho ni sauti. Alikuwa haamini kengele za milango, na simu aliiweka kabatini pamoja na mashuka. Akimtaka mtu, husimama chini ya ngazi akamwita kwa jina lake, la baba yake, la babu yake, na la kabila juu yake. Sisi watoto tuliona haya. Wamisri walifungua mlango kuchungulia nani amefanya nini.

"Bibi, si uniite jina langu tu?" nilimwambia siku moja. Nilikuwa bado na meno ya utoto.

"Mtu haitwi jina moja kama paka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukiitwa jina moja unaitwa weye peke yako. Ukiitwa na la baba yako, mnakuja wawili."

Na alikuwa na sharti lake la kuitikia. Mtoto wa kike husema "Abee," lakini alisema "Abee" ya aliyekaa haihesabiki. Lazima uitike huku unainuka. Ukiitika umekaa, hukuitika, umepiga mwayo. Nilimuuliza kwa nini hilo nalo, akanijibu. Nikauliza kwa nini jibu lake, akanijibu tena, mpaka akachoka akanipa jina ambalo nusu ya jengo bado wananiita: Bi Kwanini. Nimekwenda chuo kikuu, nimesoma kemia, nimepata kazi wizarani hapohapo Khuwair, na bado nikipita mlangoni kwake husikia, "Huyo, Bi Kwanini anapita na maswali yake."

Kazi yake Jirani, baada ya kustaafu ualimu, ilikuwa kuulizwa. Sina namna bora ya kuieleza. Kwetu sisi, familia tuliotoka Afrika, posa ikiletwa haijibiwi mpaka watu waulizie: hawa ni nani, kwao wapi, asili yao ipi. Wanaume huulizia msikitini. Wanawake walikuja kwa Jirani. Walikaa kwenye zulia lake na kahawa na tende, wakazungumza bei ya kuku na joto, kisha mmoja husafisha koo.

"Jirani, ile nyumba ya Ghubra, wale waliotoka Mombasa. Watu gani wale?"

Alijua. Alijua kabila la kila mtu, nani kwao Nizwa na nani kwao Sharqiya, babu wa nani alifungua duka Nakuru na wa nani Bujumbura. Lakini kabila hakulitaja. Alisema, "Nimekula kwao. Mkwe wao hula nao sinia moja, hali jikoni." Au alisema, "Mama yao alilazwa mwaka mzima na hakupata kidonda cha mgongo." Basi. Na kama hakuwa na zuri la kusema, aliliinua dele la kahawa akalipeleka jikoni, na wageni wakajua kuwa ziara imekwisha na posa imekwisha.

Nilipokuwa chuo nilimkabili. Nilikuwa nimesoma vitabu na nilikuwa na hasira nzuri.

"Bibi, mambo haya ya asili na nasaba ni upuuzi. Mtu ni mtu."

"Kweli."

"Sasa kwa nini unakaa hapo watu wanakuja kuulizia?"

"Kwa sababu nisipokaa mie atakaa mwengine, na yeye atawajibu."

Lilikuwa jibu zuri na lilinikera kwa wiki nzima. Lakini yeye mwenyewe hakulifuata. Nikimtajia rafiki mpya wa kazini, swali lake la kwanza lilikuwa, "Wa nani?" Hata matunda aliyauliza. Enzi soko kubwa likiwa Mawaleh nilimpeleka kila Alkhamisi kwa gari yangu, na alizunguka meza baada ya meza akiwahoji wauzaji. Ndizi hizi za Salala au zimekuja na meli? Ndimu hizi kwao wapi? Muuzaji mmoja Mbangali alichoka, akamwambia kwa Kiarabu cha sokoni, "Mama, kula tu." Jirani alicheka mpaka akanunua sanduku zima.

Alikuwa na mambo yasiyokaa pamoja. Alfajiri hakuikosa, na mieleka ya televisheni hakuikosa. Alimwambia kila bibi harusi anyamaze mwaka wa kwanza, na yeye mwenyewe marehemu mume wake alikuwa akitoka kukaa kwenye gari ili apate kusoma gazeti. Alichukia kupigwa picha. Nywele zake zilikuwa laini na nyepesi, macho yake rangi ya chai isiyokolea, na watu walisema tu, "Jirani mweupe," kwa sababu kwetu weupe hauhitaji maelezo. Mimi niuliziaye kila kitu sikuuliza hilo.

Aliniita alasiri moja, mwaka niliporudi kwetu baada ya masomo. Aliniita kwa ngazi, majina yote, nikateremka. Kahawa ilikuwa tayari na mlango wa kijani ameufunga. Sikuwahi kuuona umefungwa mchana.

"Weye si huamini kitu," alisema.

"Naamini baadhi ya vitu, Bibi."

"Usiniongopee. Mama yako analia kila siku. Mie nnamtaka hasa mtu asiyeamini kitu. Nna jambo la kutafutiwa, na hawa wanaoamini wataniambia nnachotaka kusikia."

Kisha akaniambia. Yule mzee aliyemlea, mwenye duka Nakuru, ambaye kabila lake ndilo analoitwa nalo mpaka leo, hakuwa baba yake. Baba yake alikuwa Mtaliani, mateka wa vita vikuu vya pili, katika wale waliowekwa Kenya na Waingereza na kupelekwa kufanya kazi mashambani na barabarani. Alisilimu mbele ya maalim mmoja, akamwoa mama yake. Vita vilipokwisha mateka walipakiwa meli wakarudishwa kwao, naye akaenda nao. Mama akafa na homa. Mke wa mwenye duka, ambaye hakuwa na mtoto, akamchukua mchanga.

Haya aliambiwa siku moja tu: siku alipopakwa hina ya harusi yake. Yule mama aliyemlea alimpeleka pembeni, bibi harusi mikono imejaa hina hawezi hata kufuta machozi, akamweleza kuwa mzee hawezi kuwa walii wake, kwa kuwa si baba yake. Atamwozesha kadhi. Na akamtajia jina la Kiislamu alilopewa baba yake, na la ukoo, mara moja, kwa mdomo: Bencivenga. Tamka Benchivenga.

"Halafu tukarudi Oman," alisema. Kwetu tunasema "tukarudi" hata kama hakuna aliyewahi kuiona. "Karani akauliza kabila. Mzee alikuwa kasimama ubavuni mwangu. Akataja lake. Angefanyaje? Angesema nini mbele za watu?"

"Na wewe ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Alinipenda yule mzee. Lakini Qurani imesema waiteni kwa baba zao. Na siku ile ya Kiama, mwanangu, kila mtu ataitwa kwa jina lake na la baba yake." Aliweka kikombe chini. "Nnaogopa nitaitwa nikae kimya. Nitadhani anaitwa mwengine."

Nilimwambia kile ambacho mtu kama mimi husema. Kwamba kama Mungu anajua yote, atamwita kwa namna anayoijua.

"Yeye hakosei," Jirani alisema. "Mwenye kukosea mie. Jina hili sijui hata maana yake. Pengine tusi. Wazungu wana majina ya ajabu. Kaniulizie. Wakoje hawa watu, wa wapi, wengi au wachache. Niulizie kama ninavyowaulizia watu."

Basi nikaingia kwenye mtandao kumuulizia posa Jirani, maana ndivyo ilivyokuwa. Nilikuta kuna tovuti nyingi za majina ya Kitaliani, na nyingi zinauza vikombe. Unaandika jina la ukoo, wanakwambia mlikuwa mabwana wakubwa, na hapohapo wanakuonesha nembo ya simba na ngao ambayo unaweza kuletewa nyumbani ikiwa juu ya fulana. Nilijaribu jina la bawabu wetu wa wizarani, naye wakampa simba. Zile zisizouza vikombe zilinakiliana, kosa kwa kosa. Lakini nilipochuja yote nilibaki na mambo machache yaliyokuwa yakirudi hata katika maandishi ya watu wazito. Ni jina la nadra. Ramani zilionesha limejikusanya kusini, upande wa Napoli na bara yake, na kwengineko madoa tu. Na zamani sana, kabla halijawa la ukoo, lilikuwa jina la mtoto. Wazazi walimpa mtoto waliyemngoja, kumtakia heri ya kufika.

Nilimpelekea yote haya chini, na mashaka yangu juu yake kama pilipili.

"Kwa hiyo si tusi?"

"Si tusi, Bibi. Wanasema ni dua. 'Na aje kwetu vyema.'"

"Wanasema. Weye unasemaje?"

"Mimi nasema sijui Kitaliani."

"Basi tutafute anayekijua."

Aliyekijua alikuwa Bustan, katika ile hoteli kubwa ya pwani, ambako mpishi wa keki alikuwa Mtaliani. Jirani alivaa buibui lake jipya na alichukua bakuli la halua kubwa kama tunakwenda kuposa. Mapokezi tulimkuta msichana Mkenya, msalaba mdogo shingoni, aliyetusikia tukizungumza akaacha Kiingereza akarukia Kiswahili.

"Karibuni sana, mamangu! Mnatafuta nani?"

"Mpishi wenu Mtaliani. Na weye kwenu wapi?"

"Mimi ni wa Nakuru."

Jirani alimshika mkono akasahau kuuachia. "Nakuru! Upande gani? Reli bado inapita pale nyuma ya maduka?"

"Reli iko, lakini maduka yamebadilika yote. Ngojeni nimuite huyo chef. Ako na roho safi, mtaongea tu."

Mpishi alitoka na unga kwenye nyusi, kijana mrefu, umri wangu. Alizungumza nami Kiingereza na mimi nikamgeuzia Jirani Kiswahili. Jirani alikaa kama anavyokaa kwenye zulia lake, akaanza kuulizia.

"Muulize, anawajua hawa Bencivenga?"

"Anasema hajawahi kukutana na hata mmoja. Yeye ni wa kaskazini. Hao ni wa kusini, na ni wachache."

"Kabila dogo," alisema Jirani, akiliweka mahala pake. "Watu wa Dakhiliya ya kwao, wa bara. Wana sifa mbaya?"

"Anasema hana habari mbaya juu yao."

"Anawafichia, au hajui?"

"Hajui, Bibi."

"Hilo jibu zuri. Sasa maana."

Mpishi alilisema jina polepole, akalikata vipande kwa kiganja chake juu ya meza kama anakata unga: vyema, kwetu, na aje. Alisema siku hizi hakuna anayezungumza hivyo, lakini Mtaliani akilisikia anaelewa. Kwa hiyo tovuti zile, pamoja na vikombe vyao, hazikukosea. Nilihisi kuonewa kidogo.

Jirani alitikisa kichwa taratibu. Kisha, kwa kuwa khabari nzuri haipokelewi bila kurudishwa, aliniambia, "Mwambie na sisi tunapika tambi."

Nilimwambia. Mpishi akafurahi, akauliza mchuzi gani. Nikamgeuzia alivyosema: sukari, tui la nazi, iliki, na zabibu kavu juu. Mpishi aliweka mkono kifuani kama mtu aliyeletewa khabari ya msiba. Jirani alicheka mpaka mtandio ukamteleza, na msichana wa Nakuru kule mapokezi akacheka kwa kuwa Jirani anacheka.

Tulipokuwa tunaaga, mpishi alituletea boksi la keki. Mimi na Jirani tulikuwa tumeshampa mgongo tukielekea mlangoni. Akaita nyuma yetu, kwa heshima na kwa lugha yake, "Bibi Bencivenga!"

Jirani aligeuka. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akamtazama mama mmoja mgeni aliyekaa kwenye kochi na mizigo yake. Alikuwa anatafuta anayeitwa.

Tulikuwa kwenye gari, tumeshapita mlima.

"Umeona," alisema.

"Bibi, ni mara ya kwanza tu."

"Umeona lakini. Nimeitwa, na nimegeuka kutafuta mtu."

Nilikuwa na swali, ukweli, swali ambalo lilikuwa limenikaa tangu siku ya mlango uliofungwa: kama kweli yule mateka alimwoa mama yake, au ni maneno ambayo mwanamke mwema alimwambia bibi harusi mwenye mikono iliyojaa hina. Hakuna maalim wa kuulizwa tena. Hakuna yeyote.

"Unataka kuniuliza kama kweli walioana," Jirani alisema, akitazama mbele. "Nnakujua. Uliza."

"Siulizi, Bibi."

"Kwa nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kunirudia kutoka kwake. Nilisema joto limezidi, nikaongeza baridi ya gari, naye akaniacha.

Kuanzia hapo akaniamuru nimzoeze. Tusiambiane lini. Nimwite kwa jina lake, binti wa fulani, kwa jina la Kiislamu ambalo maalim alimpa yule Mtaliani, na mwisho Bencivenga. Nilimwita jikoni, akaitika baada ya kufikiri. Nilimwita kwenye foleni ya mkate, akaitika mbio sana, kwa kuwa alikuwa ananivizia. "Hiyo haihesabiki," alisema mwenyewe. Nilimwita akiwa ameshughulika na mieleka, hakunisikia kabisa. Nikamwita kwa kabila la mzee wa Nakuru, akaitika hapohapo huku anainuka. Tulitazamana. Hakukasirika. Alisema, "Yule mzee naye alinitaka. Asiseme nimemwacha."

Basi nilimwona ameyachukua yote mawili, jina la aliyemzaa na la aliyemlea, na hakutupa lolote. Kwa kanuni za chuo changu huwezi kushika mambo mawili yanayopingana. Yeye alishika, na kwa mkono uleule alikuwa akikoroga uji.

Kisha magoti yakamshinda. Mtoto wake wa kiume akamhamishia kwake Mawaleh, kwenye nyumba ya ghorofa, chumba cha juu chenye dirisha la kuelekea lilipokuwa soko. Mlango wa kijani wamepanga vijana wa benki, nao wameupaka rangi ya maziwa. Wanawake bado humfuata Mawaleh kumuulizia watu. Nilisikia kuwa mmoja, mwenye kiburi cha nasaba, alimuuliza siku hizi, "Na wewe Jirani, asili yako hasa ipi?" naye akajibu bila kupepesa, "Baba yangu Mtaliani, mateka. Watu wa Dakhiliya ya huko, kabila dogo, hawana sifa mbaya." Kisha akamimina kahawa. Mama yule hajarudi. Jirani anasema anapumua vizuri zaidi.

Nilikwenda kumwona mwezi uliopita. Nilimkuta kitandani, amekuwa mdogo, mikono imebaki mishipa na pete. Tulizungumza ndizi. Aliuliza kama sasa naamini kitu, nikasema naongeza kimoja kimoja. Aliuliza kama kuna posa, nikamwambia asianze. Jina hakulitaja, na mimi sikulitaja. Alipofunga macho nilimbusu kichwani nikateremka. Mkwewe alikuwa akitoka jikoni na dawa zake kwenye sinia, akapishana nami ngazini.

Nilifika chini, nikavaa viatu. Nikasimama pale chini ya ngazi, kama alivyokuwa akisimama yeye, nikavuta pumzi, nikamwita. Jina lake, binti wa baba yake, Bencivenga. Nilimwita kwa sauti kubwa ya Khuwair, sauti ya kuwatoa Wamisri mlangoni.

Juu kulikuwa kimya. Kiyoyozi kilinguruma. Nilijisemea amelala, si kitu, mtu aliyelala hahesabiwi. Nilikuwa nimeshika kitasa.

"Abee!"

Ilikuwa sauti ya msichana. Halafu nikasikia kitanda kikilia, na fimbo ikigonga sakafu, na mkwewe akisema kwa hofu, "Mama! Mama, kaa, unakwenda wapi?"

"Nnaitwa," alisema.